Watoto wa 2030 Wameshazaliwa

Mustakabali wa wilaya ya shule huanzia wodi ya wazazi. Mtoto atakayeingia chekechea mwaka 2030 ameshazaliwa, ana cheti cha kuzaliwa, na jimbo lina rekodi yake. Atakayeanza sekondari ya juu mwaka huohuo yuko darasani sasa hivi, pengine anatafuna penseli. Sijui shughuli nyingine ya umma inayopewa taarifa mapema hivi kuhusu watu itakaowahudumia. Wajenzi wa barabara hukisia magari, wajenzi wa hospitali hukisia magonjwa, lakini shule inaweza kuomba orodha ya majina. Nilipoingia kama mzazi kwenye kamati ya mipango ya muda mrefu ya wilaya yetu ya shule, hapa Marekani ninakoishi, hesabu zenyewe zilituchukua jioni chache tu. Muda uliobaki tuliutumia kuzizunguka.

Kwa aliyekulia nchi ambako wizara ndiyo inayopanga kila kitu, wilaya ya shule ya Marekani ni kiumbe cha ajabu kidogo. Si ngazi ya utawala wa serikali. Mara nyingi ni mamlaka inayojitegemea, yenye mipaka isiyolingana na ya mji wala ya kaunti, yenye bodi inayopigiwa kura, na sehemu nyingi inatoza kodi yake ya majengo na ardhi. Leo ziko kama 13,000. Mwaka wa masomo 1939–40 zilikuwa zaidi ya 117,000, nyingi zikiwa na shule moja tu, kabla ya majimbo kuzilazimisha au kuzibembeleza ziungane. Serikali ya Washington huchangia kidogo, kwa kawaida asilimia 10 hivi ya mapato au pungufu. Kilichobaki hutoka jimboni na kwa wenye nyumba wa hapohapo. Mwaka 1973, katika kesi ya San Antonio dhidi ya Rodriguez, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba tofauti za fedha zinazotokana na utaratibu huo hazivunji katiba ya nchi. Ndiyo maana wilaya mbili zinazotenganishwa na barabara moja zinaweza kuwa na mipango mikakati yenye dira ileile, dhima ileile na picha zilezile za watoto wanaocheka, huku moja ikipanga kujenga maabara na nyingine ikipanga namna ya kuziba paa.

Turudi kwenye hesabu, maana hapo ndipo penye utamu. Njia inayotumika karibu kila wilaya kukadiria wanafunzi haihitaji kompyuta kubwa. Tuseme mwaka fulani walizaliwa watoto 400 ndani ya mipaka ya wilaya, na miaka mitano baadaye chekechea ikaandikisha 360. Uwiano ni 0.90. Mwaka unaofuata, hao 360 wanaonekana 351 darasa la kwanza: 0.975. Unafanya hivyo kwa kila hatua, darasa la kwanza kwenda la pili, la pili kwenda la tatu, unachukua wastani wa miaka michache iliyopita, halafu unazidisha kwenda mbele. Jedwali linalopatikana, miaka ikiwa mistari na madarasa yakiwa safu, husomwa kimshazari. Kundi moja la watoto hushuka mstari mmoja na kusogea safu moja kila mwaka, mpaka litokee upande wa kulia likiwa na vyeti mkononi.

Ukilizoea jedwali hilo unaanza kuona maisha ya watu. Uwiano ukizidi 1 mahali fulani, kuna familia zinahamia, au zinarudi kutoka shule za binafsi kwa sababu ada imezishinda. Ukishuka ghafla kati ya darasa la tano na la sita, wazazi wanaikimbia shule yenu ya kati, na hilo hakuna dodoso litakalokueleza waziwazi namna hiyo. Darasa la tisa huvimba kwa sababu ya wanaokwama na kurudia, kisha la kumi linapungua. Niliwahi kukaa na ofisa wa takwimu wa wilaya, mama mmoja mtaratibu sana, akanionyesha kwa kidole kundi lililoanza chekechea mwaka 2020. Lilikuwa dogo kupita kiasi. Nchi nzima uandikishaji wa chekechea za umma ulishuka kwa takriban asilimia 9 mwaka ule wa korona, kwa sababu wazazi waliwabakiza watoto nyumbani. "Nikiuacha mwaka huu ndani ya wastani," akaniambia, "tutafunga shule kwa sababu ya virusi. Nikiutoa, nitaulizwa kwa nini nimetoa." Aliutoa, akaandika sababu chini ya jedwali, na kwa kweli alifanya vizuri. Katika waraka wote ule sijaona mstari wenye uaminifu kuliko huo.

Njia hiyo ina upofu wake. Haijui kwamba shamba lililo pembezoni mwa mji limeuzwa na kampuni ya ujenzi imeshaomba kibali. Haijui ni nyumba za namna gani zinakuja, na hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu jengo la ghorofa lenye makazi 200 ya chumba kimoja linaweza kuleta watoto wachache kuliko mtaa wa nyumba 40 za familia. Haijui pia siasa za jimbo. Arizona ilipofungua mwaka 2022 fedha za umma za kusomea shule za binafsi kwa kila mtoto, badala ya makundi machache kama awali, wanaokadiria uandikishaji wa shule za umma huko waliongezewa jambo ambalo halimo kwenye rekodi ya vizazi yoyote. Lakini hayo yote ni marekebisho pembeni ya mstari mkuu, na mstari mkuu wa nchi hii unajulikana. Mwaka 2007 walizaliwa watoto zaidi ya milioni 4.3, wengi kuliko mwaka wowote kabla au baada yake. Mwaka 2023 walikuwa kama milioni 3.6. Kundi la 2007 limemaliza sekondari karibu na 2025, na nyuma yake kila kundi ni dogo zaidi au linalingana na lililotangulia. Mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kuliona hili likija tangu mwaka 2012.

Si mara ya kwanza. Kizazi kikubwa kilichozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kilipopita, uandikishaji wa shule za umma ulifika kama milioni 46 mwaka 1971, kisha ukaporomoka hadi karibu milioni 39 mwaka 1984. Shule zilifungwa, majengo yakauzwa, mengine yakageuzwa makazi. Halafu kizazi kile kikazaa, na miaka ya 90 baadhi ya wilaya zilizokuwa zimeuza majengo zikajikuta zikiegesha madarasa ya kuhamishika kwenye viwanja vya michezo. Kwenye kamati yetu alikuwepo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekumbuka hayo yote, na kila neno "kuuza" lilipotajwa alisafisha koo. Nakubaliana naye nusu. Jengo lisilo na watoto lifungwe, lakini ardhi ikodishwe, isiuzwe. Kiwanja cha ekari kadhaa katikati ya makazi hakipatikani tena kwa bei yoyote ambayo wapiga kura watakubali. Nusu nyingine, ile ya kuendesha majengo yote kwa sababu huenda watoto wakarudi, siikubali. Safari hii hakuna dalili ya kizazi kikubwa kinachosubiri nyuma ya pazia.

Ugumu unaanzia hapa: mtoto anapita shuleni miaka kumi na mitatu, jengo linakaa hamsini na zaidi, mjumbe wa bodi anachaguliwa kwa miaka minne, na msimamizi mkuu wa shule zote za wilaya akidumu muda mrefu kuliko mjumbe wake anapongezwa. Kila mmoja ana saa yake. Mpango wa miaka kumi huandikwa na watu ambao wengi wao hawatakuwepo mwaka wa sita kuulizwa.

Wanaobaki ni mafundi. Tulitembezwa kwenye shule kadhaa, na katika shule moja ya msingi fundi wa jengo alitushusha chini kwenye chumba cha boila, mtambo wa kupasha jengo joto. Kulikuwa na joto na harufu ya mafuta ya zamani. Boila ina bamba la chuma lenye mwaka wa kutengenezwa, na kampuni iliyoitengeneza haipo tena. Alituonyesha pampu iliyopakwa rangi tofauti na nyingine. Imetoka shule iliyofungwa, alisema. Akikosa kipuri dukani huenda kukifungua kule. Ana daftari lenye jalada gumu ambamo ameandika kila kilichoharibika, tarehe, na alichokifanya, kwa mwandiko mdogo uliobanana. Tulipouliza boila itadumu miaka mingapi hakutuambia "inategemea" kama washauri waelekezi wanavyosema. Alitaja majira mawili ya baridi. Kwenye mpango uliochapishwa, shule ile iliwekwa kundi la "hali ya wastani".

Hilo la boila si la wilaya yetu peke yake. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria mwaka 2020 kwamba asilimia 41 ya wilaya zinahitaji kubadilisha au kutengeneza mitambo ya joto, baridi na hewa katika angalau nusu ya shule zao, jumla kama shule 36,000. Mwanafunzi akiganda au akipikika darasani, mpango wa kuinua ufaulu unabaki kuwa maneno.

Na pesa za boila si pesa za mwalimu. Jambo hili nimelieleza majirani mara nyingi mpaka nimeanza kulieleza vizuri. Majengo hulipiwa kwa hati fungani: wilaya inakopa, wapiga kura wanaidhinisha, deni linalipwa kwa kodi kwa miaka ishirini au thelathini. Mishahara, dawa za kusafishia, mafuta ya mabasi, hutoka kwenye mfuko wa kila mwaka. Sheria haziruhusu fedha za hati fungani kulipa mshahara wa mwalimu. Kwa hiyo inawezekana kabisa mwaka mmoja ukaona paa jipya likiezekwa na mkutubi akipewa barua ya kuachishwa kazi, na kila mmoja aliyehusika akawa amefuata sheria. Mwananchi anayepita barabarani anaona ufisadi. Kalifornia wana sura yao ya hadithi hii. Pendekezo la 13 la mwaka 1978, sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi, lilifunga kodi ya majengo kwenye asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, thamani yenyewe isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe, na hati fungani za shule zinazolipwa kwa kodi hiyo zikasimama mpaka mwaka 1986, ziliporudishwa kwa sharti la theluthi mbili ya kura. Mwaka 2000 Pendekezo la 39 likashusha kizingiti hicho hadi asilimia 55. Baada ya hapo hati fungani zilipita kwa urahisi zaidi, lakini mfuko wa mishahara haukuguswa na mabadiliko hayo.

Halafu zikaja fedha za korona. Kati ya Machi 2020 na Machi 2021 Bunge lilipitisha awamu tatu za msaada kwa shule, jumla ya karibu dola bilioni 190, na mwisho wa kuipangia matumizi awamu ya tatu ukawekwa 30 Septemba 2024. Tarehe ilijulikana tangu siku ya kwanza. Wilaya zilizofanya vizuri zilinunua vitu vinavyoisha: mitambo ya hewa, vitabu, masomo ya ziada ya majira ya joto. Nyingine ziliajiri. Siwalaumu sana, maana watoto walikuwa wamerudi wakiwa hawajui kusoma na walihitaji watu. Ila nafasi ya kazi iliyofunguliwa kwa fedha ya miaka mitatu inahitaji sentensi moja kwenye mpango inayosema nini kitakufa fedha ikiisha. Nimesoma mipango kadhaa ya wilaya mbalimbali ya kipindi kile nikiitafuta sentensi hiyo. Nimekuta "tutaendelea kutafuta vyanzo endelevu".

Sasa tufike kwenye lile lililokuwa linazungukwa. Wanafunzi wakipungua na majengo yakibaki yaleyale, shule iliyojengewa watoto 500 inabaki na 230. Bado inahitaji mwalimu mkuu, karani, muuguzi, mpishi, na boila ile. Madarasa yanachanganywa, mwalimu wa muziki anakuja Jumanne tu. Kila mtu anajua jibu, na kila mtu anajua pia kwamba atakayelitamka ndiye atakayezomewa.

Chicago ilionyesha namna ya kulitamka vibaya. Mei 2013 bodi ya shule ya jiji ilipiga kura kufunga shule 50 kwa mkupuo mmoja, wengi mno wa wanafunzi wake wakiwa watoto Weusi wa kusini na magharibi mwa jiji. Hesabu ya nafasi iliyotumika ilichukulia darasa la wanafunzi 30 kama kipimo, na wazazi wakauliza, kwa haki, vipi kuhusu vyumba vya watoto wenye mahitaji maalumu ambavyo kisheria haviruhusiwi hata kukaribia idadi hiyo. Majengo mengi yalikaa matupu miaka mingi baadaye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha mwaka 2018 kwamba matokeo ya watoto waliohusika yalishuka, na yalishuka hasa mwaka ule wa tangazo, kabla milango haijafungwa. Mwaka 2015, katika mtaa wa Bronzeville, wazazi na wanaharakati waligoma kula kwa siku 34 kudai sekondari ya Dyett isife. Ilifunguliwa tena mwaka 2016. Kuna jambo moja ambalo halitajwi vya kutosha: bodi ile haikuwa imechaguliwa na wananchi. Iliteuliwa na meya. Wajumbe wa kwanza wa kuchaguliwa Chicago walipatikana Novemba 2024.

Bodi zinazochaguliwa hukosea kwa upande wa pili. Seattle, ikiwa na pengo kubwa la bajeti, ilitangaza Septemba 2024 mapendekezo ya kufunga shule za msingi karibu ishirini. Oktoba zikawa nne. Novemba hakuna. San Francisco, vuli hiyohiyo, msimamizi mkuu alijiuzulu katikati ya mvutano wa orodha ya shule za kufungwa, na orodha ikawekwa kando. Wazazi walishangilia, na mimi ningekuwa huko huenda ningeshangilia nao. Ila pengo la bajeti halikuondoka na orodha. Litazibwa kwa kukata kidogo kila mahali: saa za muuguzi, masomo ya sanaa, msaidizi wa darasa. Hakuna atakayeandamana kwa ajili ya saa mbili za muuguzi.

Sisi tulikuwa na vikao vya dira. Wadau waliitwa, wakagawiwa vikaratasi vya kunata vya rangi tatu, wakaombwa waandike mhitimu wetu wa miaka ijayo awe mtu wa namna gani. Mbunifu. Mwenye huruma. Mwenye kujituma. Vikaratasi vikabandikwa ukutani, mshauri mwelekezi akavipanga makundi, yakazaliwa maadili ya msingi ambayo ungeweza kuyahamishia wilaya yoyote duniani bila kubadilisha hata nukta. Sina ugomvi na huruma. Ugomvi wangu ni kwamba jedwali la wanafunzi liliwekwa kiambatisho cha nne, na kikao cha kulijadili kikapangwa saa kumi alasiri siku ya kazi.

Tulichopendekeza wachache wetu kilikuwa kifupi. Shule ya msingi ikishuka chini ya wanafunzi 250 kwa miaka miwili mfululizo, ndani ya siku 90 bodi ipokee hadharani mapendekezo matatu: kuiunganisha na jirani, kuhamisha mipaka ili ijazwe, au kuiacha ilivyo na kuonyesha gharama hiyo inakatwa wapi. Kizingiti kiwekwe sasa, wakati hakuna shule iliyokifikia, ili mzazi asije akahisi kimeshonwa kumfaa mtoto wake. Isitajwe shule yoyote kwa jina.

Hoja ya kutupinga ilikuwa nzito, na aliyeitoa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ambayo kila mtu alijua iko njiani kukifikia. Alisema kizingiti kikishachapishwa, shule yenye watoto 280 inaanza kufa siku hiyohiyo. Mzazi mwenye gari na muda atamhamisha mwanawe mapema, mwalimu mzuri ataomba uhamisho, na 280 itakuwa 250 kwa sababu mmeandika 250. Chicago inampa ushahidi. Sikuwa na jibu la kumnyamazisha, na sidhani lipo. Nilichoweza kusema ni kwamba wazazi wenye gari wameshaanza kuondoka, jedwali linaonyesha hivyo, na wanaobaki bila kujua ni wale ambao hakuna anayewapigia simu. Kuwaficha takwimu kunawalinda wasio na haja ya kulindwa.

Bodi iliupitisha mpango kwa kauli moja. Mwanasheria aliupitia kwanza, na mahali pa pendekezo letu pakasomeka kwamba bodi "inaweza, inapoona inafaa, kuzingatia tathmini ya matumizi ya majengo". Namba 250 imeondoka, siku 90 zimeondoka, na gharama haitajwi popote. Novemba viti vitatu vya bodi vinagombewa. Wagombea watakuja kwenye ukumbi wa maktaba, watauliza tuna ndoto gani kwa watoto wetu, na nitawauliza wataje, kwa sauti, shule ikiwa na watoto 230 ndani ya jengo la 500, watakata nini. Fundi wa boila ameahidi kuja na daftari lake.